Siku ya Mashujaa ni matanga: tusome majina ya marehemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu Julai 25. Kila mwaka siku hiyo ikikaribia watu huulizana kama ofisi zitafungwa. Hazifungwi. Siku ya Mashujaa hapa Tanzania ni kumbukumbu ya kitaifa, haimo katika orodha ya sikukuu za mapumziko, na pengine ndiyo sababu wengi hawajui hasa inamhusu nani.

Kuna wanaoichanganya na Siku ya Mashujaa ya wenzetu wa Kenya. Ile huadhimishwa Oktoba 20, tarehe waliyokamatwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952, na kabla ya Katiba ya 2010 ilikuwa ikiitwa Sikukuu ya Kenyatta. Wakenya wameipanua: siku hiyo wanamtukuza mpigania uhuru, na pia mwanariadha, mwalimu, daktari, aliye hai na aliyekufa. Ni haki yao na ina mantiki yake. Ya kwetu mlango wake ni mwembamba zaidi. Ni siku ya waliokufa wakiilinda nchi au wakitumwa na nchi.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona Julai 25 simu zikijaa picha za fataki zenye maandishi "Heri ya Siku ya Mashujaa", nyingine zikipelekwa kwa askari aliye hai kumpongeza kwa kazi yake. Askari aliye hai anastahili pongezi, apewe siku nyingine yoyote. Hii ni matanga. Kwenye matanga hatusemi heri. Tunasema pole, tunaketi, tunamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, tunamwombea.

Tazameni sherehe yenyewe ilivyopangwa, mtaona kwamba waliouweka utaratibu huu walilijua hilo. Mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa 6 usiku wa kuamkia Julai 25, na huzimwa saa 6 usiku siku hiyo inapokwisha. Asubuhi Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Huwekwa pia upinde na mshale, shoka, na shada la maua. Hupigwa tarumbeta, watu hukaa kimya, viongozi wa dini huomba dua na sala. Mkuki, ngao, sime, shoka: hizo ni zana za mtu aliyekuwa akilinda boma lake, na zinalazwa chini kwa sababu mwenyewe hatazishika tena. Hakuna hatua hata moja katika utaratibu huo iliyo ya shangwe.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kitu kimoja, nacho ni kikubwa: majina kusomwa kwa sauti.

Pita pale Posta, Dar es Salaam, kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe. Sanamu ya Askari imesimama hapo tangu 1927, ya shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Hapo awali palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, nayo iling'olewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi ya sanamu ya sasa yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na pamoja nao wapagazi, ambao wametajwa kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Maneno yanamalizia kwa kuahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu hiyo pande zote nne utafute hilo jina. Halipo hata moja.

Nitakaa kidogo hapa kwa wapagazi, maana bila kuijua kazi yao mtu hawezi kuelewa kwa nini walikufa wengi kuliko waliobeba bunduki.

Chukua hesabu ya kawaida ya mpagazi wa jeshi la Waingereza. Mzigo wake ni kama ratili 50, yaani kilo 23 hivi, juu ya blanketi na vitu vyake mwenyewe. Posho yake, pale ilipofika, ni kama ratili 2 za unga kwa siku. Sasa mpakie unga, mpeleke kambi iliyo mwendo wa siku 10 kutoka ghalani. Kwenda atakula ratili 20, kurudi atakula 20. Katika ule mzigo wa ratili 50 zinazobaki kambini ni 10 tu, chakula cha askari watano kwa siku moja. Kadiri jeshi lilivyosonga kusini, kuelekea Rufiji na kuvuka kwenda Msumbiji, hesabu ilizidi kuwa mbaya. Magari yalikwama kwenye tope, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, kikabaki kichwa cha mtu. Kila askari mmoja wa mbele alihitaji msururu wa watu nyuma yake, na kila aliyeanguka katika msururu ule ilibidi akamatwe mwingine kijijini.

Na waliangukaje? Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Unga wa mahindi uliotolewa mara nyingi ulikuwa wa chenga, unaotaka moto wa muda mrefu na maji ya kutosha ndipo uive. Mtu anafika kambini jua limezama, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria ni ya kugombania. Anakula ugali mbichi leo, kesho, na keshokutwa utumbo umechubuka. Aliyezoea ndizi nyumbani, mtu wa Buganda kwa mfano, aliumia zaidi kwa sababu tumbo lake halikuwahi kuujua unga ule. Aliyetoka milimani, kwenye baridi, alishuka bondeni akakutana na mbu asiowazoea. Mtu mwenye kuhara damu haachwi apumzike, mzigo unamngoja. Anaubeba siku mbili tatu, halafu anakaa chini ya mti, msururu unampita.

Jina lake linapotea hapo hapo. Waingereza walianza na utaratibu wa kumwandikisha kila mpagazi na kumpa kisahani cha chuma chenye namba. Penye kisahani na daftari, palikuwa na matumaini. Lakini karani aliandika jina kama alivyolisikia. Akiulizwa jina la baba, mwingine alitaja ukoo, mwingine kijiji, mwingine jina la chifu aliyemtoa. Wako waliobadili majina makusudi. Upande wa kusini-magharibi, kule Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) walikoitwa tenga-tenga, wengi walichukuliwa kwa miezi michache tu na kurudishwa, hata daftari la kueleweka halikuwapo. Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na wapagazi wake, watu wa nchi hii hii. Tusiwasahau hao, kwa maana mtoto wa Tabora aliyekufa akimbebea Mjerumani na mtoto wa Tabora aliyekufa akimbebea Mwingereza wote ni marehemu wetu, na hakuna aliyeulizwa upande anaoutaka.

Hata tarehe yenyewe ya kumalizika vita huwa tunaiazima. Ulaya bunduki zilinyamaza Novemba 11, 1918. Huku kwetu habari ilimfikia Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, siku mbili baadaye, akiwa amekwisha kuingia katika ardhi ambayo leo ni Zambia, na alisalimu amri rasmi Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, Novemba 25. Walioweka silaha chini pamoja naye ni Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi waliokuwa bado wamebeba mizigo. Anayetaka kuikumbuka vita ile kama ilivyokuwa kwetu aishike na Novemba 25.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa aandikwe jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya msingi huo ulifuatwa. Afrika Mashariki haukufuatwa. Mzungu aliwekewa jiwe lake na jina lake; Mwafrika, kwa sehemu kubwa, aliwekewa sanamu ya pamoja, moja Dar es Salaam, moja Nairobi na moja Mombasa. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi tumeipokea, lakini radhi hairudishi jina. Jina hurudishwa na mtu anayekwenda kulitafuta, na Kariakoo, soko ambalo jina lake ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kwa matamshi ya Kiswahili, tunanunua nyanya kila siku bila kukumbuka kwamba tunawataja.

Vita ya pili ilikuwa na uandishi bora. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na zaidi ya nusu walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi, ila wana majina, yamechongwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Familia inaweza kwenda ikaweka kidole kwenye jina. Ni tofauti kubwa mno na kusimama mbele ya sanamu ya shaba isiyomjua mtu.

Baada ya uhuru, marehemu ni wetu kabisa na hakuna wa kumlaumu tukiwasahau. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na majina yao yameandikwa. Naliendele, Mtwara, wamelala waliokufa katika harakati za kuikomboa Msumbiji. Julai 13, 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur, nchini Sudan, kwa siku moja. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki, wilaya ya Beni nchini Kongo, ilishambuliwa kwa saa kadhaa na wakafa wasiopungua 14. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, alipotangaza vita ya Kagera, watu wanaijua kwa moyo, hata watoto wanaweza kukutajia uwezo, sababu na nia. Mwombe mtu huyo huyo akutajie jina la askari mmoja, mmoja tu, aliyelala Kaboya. Atakutazama. Na tukumbuke kwamba mstari wa mbele wa Kagera haukuwa wa JWTZ peke yake. Walikuwapo polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo waliotoka shambani.

Sasa nieleze linaloweza kufanyika katika kata, shule, msikiti au kanisa lolote, bila kusubiri bajeti.

Anza na daftari kubwa la jalada gumu, si karatasi za kubandika. Kila marehemu mstari wake: majina matatu, jina alilokuwa akiitwa nyumbani, kijiji, kikosi na namba kama zinajulikana, mahali alipofia, mwaka, na mwisho jina la aliyesimulia na uhusiano wake na marehemu. Hiyo safu ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo inayofanya daftari liaminike baada ya miaka 20. Usimuulize bibi mwaka. Muulize alikuwa na mtoto gani mgongoni, au kama ilikuwa kabla ya njaa fulani au baada yake, kisha mwaka utautafuta mwenyewe. Majibu yakitofautiana, andika yote mawili. Kosa linaloharibu kazi hii ni kusahihisha: mwandishi anasikia "Mwanambuka" anaandika jina la Kikristo analodhani ndilo, na uzi unakatika.

Kwa waliokufa katika vita mbili kuu, orodha ya Tume niliyoitaja iko kwenye intaneti na haina malipo. Watu hutafuta mara moja, wakikosa wanakata tamaa. Usikate tamaa mapema. Jina la Mwafrika linaweza kuwa limepangwa kwa herufi ya jina lake au ya jina la baba, kwa hiyo jaribu yote mawili, kila moja peke yake. Jaribu tahajia za karani wa Kizungu: Juma na Jumaa, Mohamed kwa namna nne au tano, Selemani kwa E na kwa U, "bin" ikiwapo na isipokuwapo. Punguza kwa mwaka na nchi badala ya kuongeza maneno. Ukiwa na namba ya askari, hiyo ndiyo ya kuaminika kuliko tahajia yoyote.

Makaburi. Kila Julai kuna watu wema wanaokwenda kusafisha wakiwa na brashi ya waya, jiki na ndoo ya chokaa. Wanaondoka kaburi likiwa jeupe na jina likiwa limekufa mara ya pili. Brashi ya waya inakwangua ngozi ya jiwe, na jiwe lililokwanguliwa hunywa maji na kuota ukungu upesi zaidi. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe, chumvi hiyo ikikauka inavimba na kulimenya jiwe magamba. Chokaa na rangi hujaa kwenye mchongo wa herufi. Kinachohitajika ni maji safi mengi, brashi laini ya nailoni na kijiti cha mbao cha kuchokolea ukungu ndani ya herufi. Lowesha jiwe lote kwanza, kisha sugua kuanzia chini kwenda juu, ukisuuza kila hatua, ili maji machafu yasiteremke kwenye sehemu kavu yakaacha michirizi. Jiwe likiwa linatikisika au linapukutika, liache. Ufa wa jiwe la zamani usizibwe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, na joto likija ni jiwe litakalopasuka. Makaburi ya jeshi na ya Tume yana watunzaji wao, hayo ombeni ruhusa kwanza.

Na herufi zikiwa zimefutika, usizipake unga wala chaki. Nenda saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, jua likiwa linapiga kwa ubavu, kila mchongo utajaza kivuli chake. Saa 6 mchana jiwe hilo hilo halisomeki. Kukiwa na mawingu, mtu mmoja ashike tochi karibu na ukingo wa jiwe, imulike kwa pembeni, mwingine apige picha kwa mbele. Mara nyingi jina lililodhaniwa limepotea huonekana lote.

Siku yenyewe, utaratibu usizidi nusu saa. Watu wasimame. Mmoja apulize filimbi au apige ngoma mara moja, wakae kimya dakika moja kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia, maana anayekisia huikata kwenye sekunde 20. Filimbi tena. Kisha majina. Asome mtu mwenye sauti, aliyefanya mazoezi ya majina hayo na wenye ndugu zao siku moja kabla, kwa sababu hakuna kinachoumiza familia kama kusikia jina la babu yao likisomwa vibaya mbele ya kijiji. Jina kamili, kijiji, mahali alipofia, basi. Wasifu usisomwe. Jina moja linachukua kama sekunde 4, hivyo majina 100 hayafiki dakika 7. Mwenye kusema muda hautoshi aangalie hotuba ya mgeni rasmi inachukua dakika ngapi. Dua na sala zifuate majina, zisitangulie, ili anayeomba ajue anamwombea nani. Kama ni jina moja tu lililopatikana kata nzima, lisomwe hilo moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Wiki ya Julai 25 gazeti hutoa picha kubwa ya mnara na ya mgeni rasmi. Mwaka huu punguza picha hizo, utoe safu moja ya majina, bila maelezo, kwa herufi za kawaida za gazeti. Wasomaji wakusanye kwenye kata zao na kuleta mapema, kila jina likiwa na mtu aliyelithibitisha. Na kwa mpagazi ambaye nyumbani kwao limebaki lile jina la utani tu, lichapwe hivyo hivyo, na kijiji chake.

Wako,
Msomaji na mkusanyaji wa kumbukumbu za askari na wapagazi,
Temeke, Dar es Salaam